Nimetibiwa vidonda vya tumbo mara mbili na bado naumwa. Nirudie dozi au nikubali kipimo cha kamera?

BARUA

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 38, nimeolewa, na kazi yangu ni ushonaji. Naumwa tumbo kwa muda unaokaribia mwaka sasa. Maumivu yako juu ya kitovu, hapa kwenye chembe cha moyo, na yanachoma kama kaa la moto. Huanza nikiwa na njaa, na usiku huniamsha kwenye saa saba au saa nane. Nikinywa glasi ya maziwa yanatulia, nasinzia, halafu yanarudi. Mchana tumbo linajaa gesi hata nikila kidogo, na nashiba upesi.

Nilipokwenda kupima mara ya kwanza nilitolewa damu, nikaambiwa nina bakteria wa vidonda vya tumbo. Nikapewa dozi ya siku 14, yaani vidonge vya kupunguza asidi pamoja na antibayotiki za aina mbili. Kufika siku ya tisa sikuwa nasikia maumivu kabisa, na mdomoni nilikuwa na ladha ya chuma iliyonifanya nichukie chakula. Nikaacha. Haikupita miezi mingi tumbo likarudi palepale. Nikapimwa tena damu, jibu likawa lilelile. Safari hiyo dozi niliimaliza yote. Nikapata nafuu, kisha yakaanza upya. Majuzi nimepimwa tena kwa damu, nikaambiwa bakteria bado wapo, na nimeandikiwa dozi nyingine. Dawa ziko kabatini, sijazianza.

Mume wangu anasema nisimeze kitu chochote mpaka nifanyiwe kile kipimo cha kamera, cha mpira unaopitishwa mdomoni. Wifi yangu anasema nina mawazo mengi, na tumbo la mawazo haliponi kwa vidonge. Mimi huo mpira nauogopa. Naogopa kukabwa, naogopa kuambiwa nina saratani. Lakini nikwambie ukweli, kinachoniogopesha zaidi ni kuambiwa hakuna kitu. Muda wote huu nimekuwa naamka usiku, nakataa chakula kwenye nyumba za watu, namsumbua mume wangu. Wakiangalia wakakuta tumbo ni safi, nitamtazamaje? Na wifi atasema si alishaniambia.

Mengi nimejaribu. Pilipili nimeacha, kahawa nimeacha. Omeprazoli naiweka kando ya kitanda, nikishikwa usiku nameza, lakini naona mwili umeshaizoea, haisaidii haraka kama zamani. Kwa mengine niko sawa. Sina kisukari, sina presha. Natumia diklofenaki tu kwa ajili ya mgongo, maana cherehani inauchosha, na hiyo naimeza baada ya kula kama nilivyoelekezwa, kwa hiyo haina shida na tumbo. Mume wangu hajui kwamba naimeza karibu kila siku. Akijua ataniambia niache kushona, na kushona sitaki kuacha.

Naomba ushauri wako. Nianze hii dozi, nikubali kamera, au nivumilie tu?

Mama wa Cherehani

JIBU

Marahaba dada yangu, na pole sana. Hakuna mtu anayeamka saa nane za usiku kutafuta maziwa kwa kujifanya. Hilo tuliweke wazi kabla hatujagusa vipimo wala dawa.

Umeniwekea mezani mambo matatu: dozi nyingine, kamera, au uvumilivu. Lakini dozi hiyo imesimama juu ya jambo ambalo umelipokea kana kwamba limethibitishwa, kwamba bakteria bado wapo. Hapo ndipo ningependa tuanzie.

Kipimo cha damu hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza kupambana naye. Askari hao hubaki kwenye damu kwa miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Jibu lako la mara ya kwanza lilikuwa na maana, kwa sababu ulikuwa hujawahi kutibiwa. Majibu yaliyofuata hayawezi kukwambia kama maambukizi yapo leo au yalikuwepo zamani. Inawezekana bakteria wapo kweli, kwa sababu dozi ya kwanza uliikatisha, na wanaonusurika dozi pungufu mara nyingi ndio wale sugu. Inawezekana vilevile kwamba dozi ya pili iliwamaliza wote, na sasa unaandikiwa dawa kwa ajili ya kingamwili tu.

Vipimo vinavyojibu swali hilo bila kamera ni viwili: cha choo, kinachotafuta chembechembe za bakteria huyo anayeitwa Helicobacter pylori, na cha pumzi. Masharti yake ni ya muhimu kuliko watu wengi wanavyoambiwa. Ziwe zimepita angalau wiki 4 tangu umalize antibayotiki yoyote au dawa yenye bismathi (madini yanayowekwa kwenye baadhi ya dawa za tumbo), na wiki 2 tangu uache omeprazoli na dawa za kundi lake. Ukipima huku unaimeza, bakteria wanakuwa wamepungua kiasi cha kutoonekana, na unapewa jibu la "hakuna" lisilo la kweli. Katika wiki hizo mbili unaweza kutuliza tumbo kwa dawa za kawaida za maji au za kutafuna zenye magnesiamu na alumini, mradi hazina bismathi.

Ikithibitika kwamba wapo, dozi ni ya lazima, na hapo zitazame zile pakiti zilizo kabatini. Linganisha majina ya antibayotiki na zile ulizotumia mwanzo. Kama klarithromaisini ilikuwemo na imeandikwa tena, muulize daktari kwa nini, kwa sababu dawa hiyo ikishashindwa mara moja, nafasi ya kufaulu ikirudiwa hushuka sana. Kinachofuata kwa kawaida ni mchanganyiko wa dawa nne: ya kupunguza asidi, bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli, kwa siku 10 hadi 14. Ile ladha ya chuma inaweza kujirudia, kwani metronidazoli nayo huileta. Haina madhara na huisha dozi ikiisha. Ukijua hivyo tangu mwanzo, hutakatisha njiani. Bismathi nayo hufanya choo kiwe cheusi, usishtuke ukikiona katika siku hizo.

Sasa nije kwenye sentensi uliyoipitisha haraka kuelekea mwisho wa barua. Diklofenaki.

Tumbo lina asidi kali ya kutosha kulichoma lenyewe. Linajilinda kwa utando wa ute, kwa chumvi inayopoza asidi chini ya ute huo, na kwa damu nyingi inayozunguka kwenye ukuta wake. Kazi hizo zote zinasimamiwa na kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizohizo, zikiwa mgongoni, ndizo zinazochochea uvimbe na maumivu. Diklofenaki huzuia zisitengenezwe, na haichagui. Inapokupa nafuu mgongoni, inalivua tumbo ulinzi. Ibuprofeni, naproxeni na aspirini zinafanya vivyo hivyo.

Kumeza baada ya kula kunapunguza ule mchomo wa kidonge kugusa ukuta wa tumbo, na ndiyo maana ulielekezwa hivyo. Lakini madhara makubwa hayapitii hapo, yanapitia kwenye damu. Hata mtu anayechomwa sindano ya dawa hii kwenye msuli anaweza kupata kidonda tumboni. Isitoshe, kidonda cha dawa hizi wakati mwingine hakiumi kabisa mpaka kitoe damu, kwa hiyo huwezi kuitumia hali ya tumbo kupima kama dawa inakudhuru. Bakteria huyo na dawa za kundi hili ndio visababishi viwili vikuu vya vidonda vya tumbo, na vikikutana kwa mtu mmoja hatari inazidi ya kila kimoja peke yake.

Tazama basi mfuatano uliouandika mwenyewe. Kila ulipokuwa kwenye dozi, ndani yake kulikuwa na dawa ya kupunguza asidi, na ulipata nafuu. Dozi ikaisha, kinga ya asidi ikaondoka, diklofenaki ikaendelea, maumivu yakarudi. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu. Bakteria sugu wangeweza kuleta picha hiyohiyo, na ipo hali nyingine nitakayoieleza chini. Ila katika yote uliyoyahangaikia, diklofenaki ndiyo ambayo hujajaribu kuiacha, na ninadhani daktari wako hajui kwamba unaimeza karibu kila siku. Kama kwenye fomu uliandika "dawa nyingine: hakuna", alikuwa anakutibu bila nusu ya habari.

Mgongo wako nao una haki yake, na kukwambia uache dawa bila kukupa njia nyingine kungekuwa ukatili. Parasetamoli haigusi ulinzi wa tumbo kwa namna hiyo. Kwa mtu mzima mwenye ini zima, ni hadi gramu 1 kwa mara moja, kwa nafasi ya saa 4 hadi 6, bila kuvuka gramu 4 kwa saa 24. Hesabu pia iliyofichwa ndani ya dawa za mafua. Diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana kuliko kidonge. Na kiti chako unakirekebisha bila kumeza kitu. Kiwe na urefu unaoacha magoti usawa wa nyonga na nyayo zimelala sawasawa, ukikisogeza karibu na meza ili usiinamie sindano. Inuka kila baada ya nusu saa, hata kwa dakika mbili. Kama haya hayatoshi na daktari akaona bado unahitaji kidonge cha kundi hilo, ipo njia ya kukitumia kwa dozi ndogo huku tumbo likilindwa kwa omeprazoli ya kila siku. Kubadilisha diklofenaki kwa ibuprofeni ya dukani hakutatui chochote, na kuzimeza pamoja ni hatari zaidi.

Omeprazoli mwili wako haujaizoea. Unaimeza wakati usiofaa. Dawa hii huzima pampu za asidi zilizo kazini, na pampu huingia kazini chakula kinapokuja. Kwa hiyo humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo wa kwanza wa siku, kila siku, na huchukua siku kama tatu au nne kufikia nguvu yake kamili. Kidonge cha saa nane za usiku, tumbo tupu, kinakuta pampu nyingi zimelala. Kidonda kikiwepo, hutumika mfululizo kwa wiki 4 hadi 8. Kwa maumivu ya ghafla usiku, dawa ya maji ya kupunguza asidi ndiyo inayofanya kazi ndani ya dakika. Maziwa hutuliza kwa kitambo kwa sababu yanapoza asidi, kisha protini na kalisi yake huliamsha tumbo kutoa asidi nyingine. Ndiyo maana unasinzia halafu unaamka tena.

Na ujue hili kabla hujafika huko: ukiitumia kila siku kwa miezi kisha ukaiacha ghafla, tumbo linaweza kumwaga asidi kupita kiasi kwa wiki kadhaa. Wengi hudhani kidonda kimerudi, kumbe ni tumbo linalojirekebisha. Kushuka polepole, kwa mfano siku moja kumeza na siku moja kuacha, husaidia.

Pilipili na kahawa hazitengenezi vidonda. Kama hukuona tofauti ulipoziacha, unaweza kuzirudisha kidogokidogo. Kula milo midogo na kuacha saa tatu kati ya mlo wa mwisho na kitanda kuna faida zaidi kwako.

Tuje kwenye kamera. Utaacha kula kwa saa 6 hadi 8. Utapuliziwa dawa ya ganzi kooni, au utapewa sindano ya usingizi mwepesi ukiiomba na ikiwepo. Utalala kwa ubavu wa kushoto na kuwekewa kizuizi cha plastiki kati ya meno. Mpira wenyewe ni mwembamba kama kidole kidogo na unapita kwenye njia ya chakula, si ya hewa, kwa hiyo utaendelea kupumua hata pale koo linapojaribu kuutapika. Sekunde za kuuvusha kooni ndizo ngumu zaidi. Kazi yote mara nyingi ni dakika 5 hadi 15. Wakichukua vipande vidogo vya nyama kwa uchunguzi hutahisi kitu. Koo linaweza kuwasha siku moja au mbili. Kutokwa damu au ukuta kutoboka hutokea kwa nadra sana. Ukipewa usingizi, usiendeshe gari wala kushika cherehani ya umeme mpaka kesho yake. Waulize mapema kama uache omeprazoli, maana inaathiri pia kipimo cha bakteria kwenye vipande hivyo.

Je, wasipoona kitu? Kamera inaona vidonda, uvimbe na michubuko. Haioni mishipa ya fahamu inayolitangazia tumbo maumivu kwa sauti kubwa kuliko kawaida, wala haioni tumbo linaloshindwa kutanuka vizuri chakula kinapoingia, hata mtu akashiba kwa tonge chache. Hali hiyo inatambulika kitabibu, inawapata watu wengi, na ina matibabu yake. Baadhi ya dawa zake ni zile zinazotumika kwa msongo, kwa dozi ndogo, kwa sababu hutuliza mishipa hiyo. Ukipewa dawa ya namna hiyo, si kwamba umeitwa mgonjwa wa akili. Tumbo safi kwenye picha litakuwa limeondoa saratani na kidonda kwenye orodha ya hofu zako. Maumivu yako hayatakuwa yamekanushwa.

Wifi yako naye tusimtupe. Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini vidonda huletwa na mawazo na asidi, mpaka mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipofanikiwa kumkuza bakteria huyu maabara. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mawazo peke yake kwa kawaida hayatoboi tumbo. Yanachofanya ni kuongeza ukali wa maumivu yaliyopo, na usingizi uliokatika kila usiku nao huongeza mawazo. Anachokosea wifi ni kudhani kwamba maumivu yanayopitia kwenye mishipa ya fahamu ni ya uongo.

Uchaguzi wako basi unaonekanaje? Ukianza dozi leo, unaweza kuwa unawaua bakteria waliokwisha kufa, kwa gharama ya kuharisha, kichefuchefu na usugu wa dawa siku za mbele. Ila kama wapo na dawa ni tofauti na za mwanzo, utakuwa umefanya la maana. Ukienda kamera kwanza, unapata jibu la macho. Kwa umri wako, bila dalili za hatari, madaktari wengi hawaanzi nayo, lakini maumivu yaliyorudi baada ya matibabu ni sababu halali ya kuifanya, na zaidi kama kuna ndugu wa damu aliyepata saratani ya tumbo. Hukuligusia hilo, mweleze daktari. Unaweza pia, kwa makubaliano naye, kuacha diklofenaki, kumeza omeprazoli kwa saa yake kwa wiki 4 hadi 8, kisha kupumzika wiki 2 na kupima choo. Njia hii ina faida ya kukuonyesha mchango wa kila kitu, na ina hasara ya kuchukua muda. Kama kuna jambo kubwa, muda huo una gharama. Uvumilivu mtupu, nao, unaacha diklofenaki iendelee na kazi yake usiku na mchana.

Kuna dalili ambazo zikitokea hazikuachii uchaguzi, nenda hospitali siku hiyohiyo: kutapika damu au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, choo cheusi kinachonata kama lami wakati hutumii bismathi wala vidonge vya madini ya chuma, tumbo gumu kama ubao lenye maumivu makali ya ghafla, kuzimia, maumivu yanayopanda kifuani au mkononi pamoja na jasho, au maumivu makali ya chini upande mmoja ukiwa siku zako zimepitiliza. Kupungua uzito bila kukusudia, chakula kukwama kikimezwa, kutapika mara kwa mara au upungufu wa damu navyo vinaivuta kamera karibu. Umesema unashiba upesi. Jipime uzito wiki hii na uandike, kwa sababu kushiba upesi pamoja na kupungua uzito kunabadilisha hesabu yote.

La mume wako nimeliacha mwisho, na wewe ndiye umjuaye. Unahofu kwamba akijua kuhusu vidonge atakwambia uache kushona. Inawezekana. Lakini yeye ndiye anayekusihi upimwe, na kwa sasa anakusihi bila kujua jambo ambalo daktari atauliza mapema kabisa. Je, ingekuwa rahisi kumwambia ukiwa tayari umeshika mpango, kwamba mgongo unauma, vidonge vinaweza kuwa vinaumiza tumbo, nabadilisha kiti na dawa, na kushona naendelea? Akiwepo siku ya daktari, atayasikia kwa mtu mwingine na wala hutahitaji kujitetea. Au unaweza kumwambia daktari peke yake kwanza.

Kwa vyovyote, mpaka siku ya miadi chukua daftari uandike kila siku saa ya maumivu na ukali wake kutoka 0 hadi 10, ulichokula na saa yake, kila kidonge ulichomeza na saa yake ikiwemo ya mgongo, na rangi ya choo. Pakiti zote, za zamani na hizo za kabatini, ziweke kwenye mfuko mmoja uende nazo. Ukiulizwa unatumia dawa gani, mwaga mfuko mezani.